Mama Athanasie, Ufunguo na Punje Nyekundu

Tarehe 31 Desemba 1993, Bibi Athanasie Mukasine anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mabasi, hapa Nyabugogo, kwa miaka ishirini na moja. Nimeombwa niandike hotuba ya kumuaga, tena kwa furaha. Nitajaribu, ingawa mwaka huu nani hajachoka? Mimi Gasana, mpanga zamu za madereva, nimechoka kuliko injini zenyewe.

Mama Athanasie alisomea saikolojia Kisangani. Hakuitaka. Alitaka udaktari, nafasi zikawa zimejaa, na padri aliyemtafutia shule akamtuliza kwa kumwambia kwamba saikolojia nayo ni udaktari, ila hauna damu. Alirudi Kigali na shahada yake, akazunguka nayo mpaka soli zikaisha. Kila ofisi ilimuuliza kama anatibu wendawazimu. Mwaka 1972 kampuni ikamchukua apime madereva wapya, kwa sababu watu wa bima walidai.

Alikabidhiwa mashine ya Ulaya yenye taa za rangi, ya kupimia wepesi wa mikono. Wiki ya kwanza ilimwangusha dereva wetu hodari, ikamfaulisha mpishi wa kantini, ambaye hata baiskeli ilimshinda. Mama akaifunika kitambaa, akaweka chupa ya chai juu yake.

Hapo ikaanza desturi yake. Dereva aliyepata ajali alimkabidhi ufunguo wa basi, na hakurudishiwa mpaka akae, anywe chai, asimulie yote tangu mwanzo. Mama hakuandika hata neno. Ukiruka mahali, anakumiminia kikombe kingine na kukurudisha nyuma. Wengine tulicheka, tukaona ni mambo ya wasomi. Madereva wakambatiza Mama Ufunguo.

Kisha ikaja ya Benon. Mwaka jana basi lake lilikatika breki likitoka Kabuga, likapinduka, watu wakafa. Aliingia ofisini kwa Mama na shati limelowa damu. Siku hiyo padri yule alionekana mwongo kabisa. Wakubwa walitaka Benon afukuzwe, Mama akakataa katakata. Siku nyingi Benon alikaa pale, chai ikipoa na kupashwa tena, mpaka akasema, "Mama, mikono iko, lakini inakataa usukani." Akalia, akasimulia yote. Aliporudi barabarani, Mama alikaa kiti cha nyuma yake, Kabuga kwenda na kurudi. Leo Benon ndiye anayewafundisha wapya.

Na tangu vita vianze mwaka 1990, foleni ya mlangoni kwake imekuwa ndefu kuliko ya tiketi. Wanakuja madereva wa njia ya kaskazini iliyofungwa, makondakta, hata wake zao. Kila mtu anaacha mzigo wake pale na kwenda zake. Ukimuuliza Mama hali, anajibu, "Nipo tu."

Sasa niseme linaloniuma. Mama na wenzake watatu aliosoma nao Kisangani hukutana Niboye, nyumbani kwake, kila Novemba. Mke wangu Générose ni mmoja wao, ndiyo maana nayajua. Kila mmoja hutumbukiza punje ya maharage chunguni: nyeupe, ningesomea saikolojia tena; nyekundu, nisingethubutu. Kisha zinapikwa pamoja na nyingine, zinaliwa, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Générose, muuza vitenge, hutia nyeupe, eti elimu ile humwonyesha mteja msumbufu kabla hajafungua mdomo. Mama Athanasie ametia nyekundu miaka yote. Safari hii walimuuliza sababu. Akasema amewasikiliza watu mpaka masikio yamejaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia akae.

Aibu ilinishika nilipoambiwa. Chai yake nimeinywa mara ngapi! Sikuwahi kummiminia.

Mama, asante. Asante kwa Benon, kwa watoto wake ambao bado wanakula, na kwa kila abiria aliyefika akashuka bila kujua kwamba upo. Punje yako nyekundu ni haki yako, hatukuombi uibadilishe. Nenda Niboye ulale mpaka jua likuchoshe, na mwenye shida asibishe hodi kwako kabla ya saa nne.

Lakini ufunguo wa ofisi hatuupokei bado. Desturi ni desturi. Benon amechemsha chai mwenyewe, mimi na madereva tumevuta viti. Kaa, Mama. Anzia mwanzo.