Bibi Nyata na Zimwi la Kochini

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo hakupenda kusomewa kitu kwa sauti ya kulialia. Alimwagiza mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma haya, asome "kama mtu ambaye timu yake imeshinda." Basi mdogo mtu anatii, maana dada yake alikuwa haambiliki akiwa hai, sembuse sasa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Nyata, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Mkunga huyo alisimulia mpaka uzeeni kwamba binti yake alitanguliza miguu kuja duniani, na tangu hapo miguu hiyo haikutulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alikuwa na tabia ya kutembea kwa ncha za vidole, na mwalimu wake wa darasa la tatu hakuipenda. "Wewe! Shusha visigino!" Alivishusha. Mwalimu akigeukia ubao, vikapanda tena. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, akaenda kujifunza kushona mapazia, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mapazia ndiyo yaliyomkutanisha na balei, ile dansi ya Kizungu ya ncha za vidole. Mwaka 1973 alitumwa kutundika pazia la jukwaa katika ukumbi wa maonyesho. Akiwa juu ya ngazi, akawaona wachezaji wakifanya mazoezi chini: watu wazima na akili zao, wamesimama kwa ncha za vidole, na hakuna mtu anayewakemea! Alisahau kushuka. Mwalimu wa wachezaji akamkaribisha kujifunza jioni, ila hakumficha kitu. "Dada, wewe kuwa mchezaji umeshachelewa. Mtoto ndiye hachelewi."

Tarehe 6 Agosti 1977 aliolewa na mwoka mikate, mtu mpole na mnene, aliyeamka kabla ya jogoo na kusinzia mchana popote alipoketi. Walijaliwa watoto wawili: dereva wa lori tunayemwita Tingatinga, na binti yao muuguzi.

Sasa tufike pale mnapopangojea. Mwaka 1985 marehemu aliwakusanya watoto wa mtaa awafundishe balei. Wakamcheka! Akaona hapa dawa ni hadithi. Akawaambia kwamba Zimwi limeiba kicheko cha binti mfalme, limekitia ndani ya kopo la biskuti, na limelala limelikumbatia. Anayekitaka anyate, asiguse sakafu kwa kisigino. Aruke mto, yaani zulia la buluu. Azunguke mpaka mbwa wa Zimwi apate kizunguzungu. Watoto wakanyata, wakaruka, wakazunguka, na hakuna aliyejua kuwa anafundishwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Siku ya onyesho sebule ilifurika wazazi. Pazia jekundu la mahameli, lililounganishwa kwa mabaki ya kazini, likafunguliwa. Zimwi alikuwa mwoka mikate, kajilaza kwenye kochi. Naam, akalala kweli! Akakoroma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Watoto wakalichukua kopo, wakaruka wote kwa pamoja kumwamsha kama walivyofundishwa, naye akakurupuka: "Mikate! Mikate inaungua!" Watu walivunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo yakawa ndiyo maneno ya Zimwi, kila mwaka, na watoto wengine wamekua wakiamini mazimwi yote yana tanuri.

Ila siku hiyohiyo rafiki zake Tingatinga walichungulia dirishani wakamwona naye akizunguka kwa ncha za vidole. Alitaniwa mtaa mzima. "Mama, mimi tena? Ng'o!" Na kweli, hakukanyaga tena lile zulia.

Mwoka mikate alitutoka mwaka 2019. Kochi likabaki tupu, na onyesho likasimama. Marehemu aliumia sana. Mwaka 2022 alipogundulika na ugonjwa wa moyo, hakuuliza habari za dawa, aliuliza, "Nani atakuwa Zimwi?" Alimtaka mwanawe. Tingatinga akajibu kwa masihara, "Mama, kwa mwili huu nikilala pale watoto watadhani mmenunua kochi jipya." Mama yake hakucheka. Akamwambia, "Mwanangu, mcheza kwao hutunzwa. Sitaki pazia langu lifungwe pamoja na mimi."

Jumamosi tarehe 1 Juni mwaka huu wa 2024, wajukuu walijipanga nyuma ya pazia. Kitanda cha bibi yao kilisogezwa mlangoni ili aone. Kochi tupu. Tingatinga alikuwa safarini, na hakuwa ameahidi kitu. Muuguzi akasema, "Mama, tuanze tu." "Hatuanzi," akajibu. Wakangoja. Ndipo honi ya lori ikalia nje! Jamaa akaingia na vumbi lake, akavua viatu, akajitupa kochini, kochi likalia. Wajukuu wakanyata. Wakaruka. Na Zimwi likakurupuka: "Mikate! Mikate inaungua!" Jamani, ilikuwa sauti ya baba yake, ileile. Marehemu alicheka mpaka machozi, akasema, "Haya. Kochi limepata mwenyewe."

Alitutoka akiwa usingizini asubuhi ya tarehe 9 Juni, nyumbani kwake, visigino vikiwa nje ya shuka kama kawaida yake.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake huyu mwenye mdomo, na watoto wa mtaa wasiohesabika, wengine sasa wana mvi. Onyesho ni leo saa kumi jioni, sebuleni kwake. Zimwi yupo. Njooni, na mcheke kwa sauti.

Asubuhi hii wajukuu walimuuliza Tingatinga: tukifika kaburini kwa bibi, tunyate au turuke tumwamshe? Akawaambia, "Leo tunanyata. Kumwamsha kuna siku yake, na siyo kazi yetu."

Basi apumzike kwa amani, Bibi Nyata, mpaka siku hiyo. Visigino juu, jamani, twendeni.