Mbuzi wa Shukrani

Esteria hakupanda gari la Mwanza ili asikilize mambo ya watu, lakini mzee wa kiti cha mbele alikuwa amekumbatia kamba mpya isiyofunga kitu. “Vijana wa klabu yangu ya mpira wamenipa mbuzi wa shukrani, kwa kuwalea bure miaka yote,” alimwambia mama muuza dagaa aliyekaa naye. “Nikampigia mke wangu simu palepale.”

“Mbuzi mwenyewe yuko wapi, baba?”

“Tumemla. Niliwafundisha mwenyewe kwamba anayepata hali peke yake.”

“Basi wamefaulu!”

“Hiyo ndiyo heshima, mayu!”

“Heshima imebaki matumboni mwao. Wewe una kamba.”

Mzee alivuta pumzi ajibu, gari likasimama Nyashimo. Mkewe alikuwa anamsubiri kituoni, kajitwika mzigo wa majani mabichi.