Kivuli Kinachommeza Philiberte

Bwana Padri, majirani wa Barbizon, ndugu waombolezaji, mimi Léonie nimepewa na familia kazi ya kusoma habari za baba yangu, nami nitazisoma zote, hata zile ambazo mjomba ameniomba asubuhi hii nizipitie harakaharaka.

Marehemu Anselme Courtavel alizaliwa tarehe 9 Machi 1819 mjini Melun, mtoto wa tatu wa fundi magurudumu, akasoma kwa mapadri hadi mwaka 1832, akajifunza kazi ya kupamba vyombo vya udongo, na mwaka 1846 akahamia hapa, akawa anaingia msituni kila alfajiri na turubai ya kuchorea mgongoni. Tarehe 3 Juni 1850 alifunga ndoa na mama yetu, Philiberte, mwokota kuni, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Aubin aliyefariki angali mchanga.

Mwaka 1861 alimchora mama ameinama chini ya mialoni, jua limepenya majani na kumwangukia mabegani, na ili kivuli kiwe kizito akakipaka lami, rangi ile ya kahawia inayopendeza siku ya kwanza na isiyokauka kamwe. Mama alimwambia, "Anselme, kitu hicho kinatembea," naye akacheka, akasema kivuli kisichotembea ni doa tu. Halmashauri ya mji jirani ikainunua picha, ikaitundika ukumbini mwake. Mama akafariki mwaka 1866, mialoni ile ikakatwa 1869, na kivuli kikazidi kutembea, kikameza nyasi, kikameza kuni, kikafika mkononi mwa mama pale pichani.

Miaka sita baba aliomba aruhusiwe kuikwangua lami kabla haijafika usoni, na meya wa mji huo, ambaye leo amesimama hapa mbele na shada zuri la maua, alimjibu watu wakisikia, "Mzee, miti hukua na kivuli huongezeka, sasa unalalamika nini?" Wakacheka. Januari hii baba alisimama mlangoni pa meya siku tatu kwenye theluji, akarudi na homa ya mapafu, akafariki tarehe 2 Februari 1876, saa nane mchana, akiniuliza kama uso bado unaonekana. Nilimwambia unaonekana wote. Nilimdanganya.

Tunamshukuru daktari Vaucelin, majirani mliotuchotea maji, na wachoraji wenzake waliobeba jeneza. Meya hatumshukuru, tunamwomba ufunguo wa ukumbi, leo, mbele ya kaburi hili, nikaikwangue lami mwenyewe, kwa sababu limebaki shavu moja.

Pumzika, baba. Mimi bado.