Mayai, Maini na Senene

Benchi la barazani kwangu pale Nyendo, nje kidogo ya Masaka, lilikuwa na wenyewe. Mimi nilikaa mlangoni na cherehani yangu. Wao walikaa na kahawa yao: Redio, ambaye habari haikuwahi kumpita, na Dakta, aliyefagia wodi miezi minne akarudi anajua magonjwa yote. Novemba ile senene, wale panzi wa kijani wa msimu wa mvua, walishuka wengi ajabu, na karai la waliokaangwa kwa kitunguu halikukauka pale katikati. Jumatatu asubuhi akaja Lwasa, mwenzetu wa benchi, ameshika kikaratasi cha hospitali. Mkewe, Nalubowa, alikuwa na mimba ya miezi saba, na damu ilikuwa imempungua mno.

— Wameandika nini? nikamuuliza.

— Ale mayai. Kuku. Maini. Mboga za majani. Na senene, maadamu ndio msimu wao. Muuguzi anasema wanajenga mwili, hata homa hazimshiki mtu ovyo.

Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Mwanamke ale senene? Huyo muuguzi katokea wapi?

— Mganda mwenzetu.

— Basi kasoma mpaka kasahau miiko ya kwao!

Dakta akaweka kikombe chini.

— Mayai ndiyo mabaya zaidi. Mtoto anazaliwa bila nywele. Nimeona wodini.

— Umeona au umesikia? nikamuuliza.

— We fundi, shona nguo.

— Na kuku je? akauliza Lwasa.

— Kuku hatulii, bwana, akajibu Redio. Mwanamke akimla naye hatulii. Leo yuko kwako, kesho yuko kwa jirani.

— Senene?

— Uuu! Kuna jirani wa shangazi yangu alikula kwa siri. Mtoto akatoka na kichwa kirefu hivi, miguu imekunjika. Siku ya tatu akaruka dirishani, mpaka leo hajaonekana!

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Lwasa peke yake hakucheka.

— Jamani, mke wangu hawezi hata kusimama.

— Mpe matoke na chumvi kidogo, ndugu yangu, akasema Dakta. Mama zetu walikula hivyo hivyo, na sisi tukazaliwa.

— Mama yangu alikufa akimzaa mdogo wangu.

Redio akamsukumia karai.

— Kula kwanza. Mwanamume hafikiri vizuri na njaa.

Lwasa akachota, akala. Akachota tena. Kile kikaratasi akakikunja, akakitia mfukoni. Ningeweza kusema neno. Lakini msimu ule nilikuwa nimeshona mabusuti kumi na moja, yale magauni marefu ya wanawake wa kwetu, maana hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya mume kwa mke aliyemchumia senene bila kuwaonja, na la Nalubowa lilikuwa mashineni. Nikaendelea kukanyaga.

Nalubowa alikufa Alhamisi, yeye na mtoto tumboni.

Wiki iliyofuata benchi likajaa tena. Lwasa alikaa katikati, huku wenzake wakimliwaza.

— Ni zile sindano, alisema Dakta. Zinanyonya damu badala ya kuitia.

— Sindano wapi! akasema Redio. Kuna mtu kazika kitu mlangoni kwao. Fukueni, mtaniambia.

Hapo akaja Eseza, mdogo wake Nalubowa, kutoka Kalungu. Hakupiga magoti kutuamkia, kama ilivyo desturi ya wanawake wetu.

— Karibu shemeji, akasema Lwasa, akisogea ampishe.

— Sikai. Nina swali moja tu. Dada yangu kakaa kwako miaka sita. Kawachumia senene nyote hapa, kawapikia kuku nyote hapa. Yuko mmoja kati yenu aliyewahi kumwona anakula?

Redio alitazama barabara. Lwasa aliinamisha kichwa, akaanza kulia.

Eseza alisubiri. Alisubiri mpaka kahawa ikapoa vikombeni, kisha akaondoka kwa njia ile ile aliyojia, na hakuna aliyethubutu kumwita.