Kitandiko cha Mwalimu Mektilda

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum, na wazee wangu mliotoka Mwandoya, mwangaluka. Mimi ni Elia Bujiku, mdogo wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi hii ya kusoma ambayo sikuiomba. Jana tulipokaa kikao wapo waliosema habari za mikeka zirukwe, kwamba msibani si mahali pake, lakini mama yetu Ng'washi, ambaye mnamwona amekaa pale kwenye kitandiko chenye mistari ya kijani, alisema isomwe yote kama ilivyokuwa, na neno la mama katika nyumba yetu halina rufaa.

Marehemu Mwalimu Mektilda Bujiku alizaliwa tarehe 9 Juni 1975 huko Mwandoya, ambako leo ni wilaya ya Meatu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bujiku na mama Ng'washi, wakulima wa pamba na wafugaji, na kwa kuwa alizaliwa katikati ya mavuno, haukupita muda mama akarudi shambani kuchuma, mtoto akiwa amelazwa kivulini juu ya lundo la pamba. Mama husema ndiyo sababu Mektilda hakuwahi kuona tabu kulala chini.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwandoya kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga mwaka 1990 hadi 1993, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mkoani Mara, akahitimu daraja la tatu A mwaka 1996. Tarehe 1 Julai 1997 aliajiriwa na kupangiwa shule ya msingi katika kata ya Kimali, ambako alifundisha Kiswahili na michezo kwa miaka kumi na moja, akawafundisha watoto wa wafugaji ambao baba zao waliwataka machungani, na alikuwa na tabia ya kuwafuata huko huko kwa ng'ombe, akiwa na fimbo ya kuchungia na wala si ya kuchapia, hadi wazee wakachoka kumkatalia. Mwaka 2008 alihamishiwa hapa Bariadi, akafundisha hadi maradhi yalipomzuia.

Tarehe 21 Oktoba 2000 alifunga ndoa takatifu na Januarius Maduhu, fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa, wakajaliwa mabinti wawili, Elina aliyezaliwa tarehe 17 Februari 2002, na Lucy aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2006, ambao wote wako hapa mbele yenu. Walijenga Somanda, katika nyumba hii tuliyokaa.

Tarehe 3 Septemba 2012 bodaboda iliyompakia ilikwepa ng'ombe ikaanguka, naye akaumia mgongo vibaya, akapelekwa Mwanza kwa matibabu, na huko daktari alimwelekeza kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifundisha yoga katika ukumbi mdogo juu ya duka la vitambaa. Dada yetu alienda akiwa na mkongojo na moyo uliojaa mashaka, akidhani atakuta mambo ya uganga, akakuta wanawake wanajinyoosha na kuvuta pumzi, na baada ya miezi mitatu alipanda basi la kurudi Bariadi mkongojo ukiwa kwapani. Alinipigia simu akaniambia, "Elia, miaka yote hii nilikuwa navuta pumzi nusu, hata sikujua."

Mwaka uliofuata alianza kufundisha uani kwake, jioni baada ya kazi, mwanafunzi wake wa kwanza akiwa jirani yake Felisita, muuza mboga, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na jembe, wa pili akiwa Nasrin mwenye duka la vitenge pale sokoni, ambaye alifika na mtandio wake kichwani na kusema kwamba yeye hakuja pale kubadili dini. Mektilda alimjibu kwamba hata yeye rozari yake iko mfukoni. Mikao yote aliipa majina ya hapa kwetu, ule wa kuinama akauita mchuma pamba, ule wa kusimama kwa mguu mmoja akauita korongo, na katekista alipokuja kuchunguza kama kuna mapepo, alikaribishwa ajaribu, akalala usingizi wakati wa mapumziko ya mwisho, akakoroma mpaka akaamshwa, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Kulikuwa na jambo moja alilopenda kulirudia kuliko yote, nami nalisema hapa kwa kuwa wanafunzi wake wameniomba. Alisema watu hawaumii wakiwa wametulia kwenye mkao, wanaumia wanapotoka huu kwenda ule, kwa sababu wanakimbilia kufika, kwa hiyo baada ya kulala chali alikataza mtu yeyote kukurupuka, ilibidi ageuke ubavu kwanza, akae hapo kidogo, avute pumzi, ndipo ainuke akisaidiwa na mkono. Hata wanawe alipowapeleka shule za bweni aliwaambia hivyo hivyo, kwamba wasione haya kukaa ubavu siku chache za mwanzo.

Sasa naja kwenye mikeka. Kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa huu kilikuwa kimemkabidhi marehemu vyombo vyote, masufuria, turubai na mikeka ya msiba, navyo vilikaa stoo kwake, na wanafunzi walipoongezeka wakawa wanalala kwenye mchanga, Mektilda akaona mikeka ipo, imekunjwa, haina kazi, akaitoa. Lilikuwa kosa, na alikuja kulikiri mwenyewe, kwa kuwa kila mtu wa hapa anajua mkeka wa msiba hautandikwi pasipo msiba, ila yeye alikuwa mtu wa kuona kitu na matumizi yake, na uchuro haukumkaa akilini.

Jioni moja ya Februari 2016 mama yetu alifika kutoka Mwandoya bila kutoa taarifa, amebeba jogoo, akasukuma geti, akakuta uani wanawake wamelala chali kwa mstari juu ya mikeka ile, khanga zimewafunika hadi shingoni, macho yamefumbwa, hakuna anayetikisika, na wa kwanza mlangoni ni binti yake. Mama alipiga yowe la msiba, lile la kuitia mtaa. Watu walikimbia kutoka pande zote, wengine na mapanga, wanawake wa mkeka wakainuka kwa mpigo bila kukumbuka ubavu, jogoo akapotelea kwa jirani, na ilipofahamika kwamba hakuna aliyekufa watu walicheka sana, Januarius akacheka kuliko wote. Mama hakucheka. Alimwambia binti yake kwamba mkeka wa msiba ukitandikwa bure humwita mtu, akalala usiku mmoja tu akarudi Mwandoya.

Tarehe 11 Mei mwaka huo huo lori lililokatika breki lilimgonga Januarius akiwa anarudi kazini, akafariki hapo hapo. Mikeka ilitolewa tena, safari hii kwa kazi yake, na mama alipofika alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia mjane, "Nilikuambia. Umemwita mwenyewe." Kisha baada ya kuzika akaondoka, tanga likiwa halijaanuliwa, mtoto wake akiwa bado amekaa chini na kitambaa cheusi kichwani, na hapa nyumbani hakukanyaga tena kwa miaka minane na zaidi.

Marehemu aliacha kufundisha uani. Elina anasema mama yake hakuinama hata kuokota kitu, alisimama kama mlingoti kutwa nzima, na mimi dada yangu aliniuliza mara moja, akiangalia pembeni, kama naamini mkeka unaweza kumuita mtu. Nilimjibu hapana, lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye aliona.

Waliomrudisha ni Felisita na Nasrin. Walinunua pamba na kitambaa kigumu, wakaja kumfundisha kwa nguvu kushona vitandiko vyembamba, kila mwanamke na chake, vyenye mistari ya rangi kutoka mabaki ya duka la Nasrin, vitu ambavyo havijawahi kuingia kwenye msiba wowote, na Januari 2018 uani pakafunguliwa upya. Kitandiko cha kwanza alichomaliza Mektilda hakikuwa chake. Alikishona kwa ajili ya mama, mistari ya kijani, na kila likizo ya shule alikifunga kwa kamba, akapanda nacho basi hadi Mwandoya. Mama alimpokea, alimpikia, alimuuliza habari za wajukuu, lakini kitandiko hakukigusa, na kila likizo ilipoisha kilirudi Bariadi na basi lile lile. Mimi nilimwambia aache kujisumbua. Alinijibu kwamba mama bado hajageuka ubavu, tusimkurupushe.

Mnamo Julai 2023 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akatibiwa hapa Bariadi, akapewa rufaa kwenda Mwanza, akagundulika kuwa na saratani ya mfuko wa uzazi, akapata mionzi na dawa kwa zaidi ya mwaka mmoja, akirudi kati ya matibabu na kufundisha uani akiwa amekaa kwenye kiti, hadi Novemba 2024 madaktari walipotuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Nilienda Mwandoya mwenyewe kumwambia mama. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi chake, akafunga mlango.

Alipofika hapa alisimama getini asiingie. Mektilda alikuwa amelala barazani, akamwamkia, "Mwangaluka, mayu," na mama badala ya kuitikia akasema maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyategemea, akasema, "Nikiingia sitakumaliza?" Hapo ndipo yalipotoka yote. Miaka ile yote hakumlaumu binti yake kama tulivyodhani, alijilaumu mwenyewe, kwani kwake yowe la msiba pasipo maiti ni baya kuliko mkeka, na aliamini ni sauti yake iliyomuita Januarius, ndiyo maana akakimbia kabla ya tanga, akamrushia mtoto lawama ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuibeba, na akakaa mbali na mlango huu asije akaita mwingine. Mektilda alilia, kisha akacheka, kisha maumivu yakamkatiza, na alipopata pumzi alimwambia, "Mayu, ilikuwa breki ya lori. Ingia, jua kali."

Tulipoteza miaka minane namna hiyo, watu wawili wanaopendana, kila mmoja akiogopa kwamba ndiye aliyeita kifo. Naumia kuisoma, na nisamehewe sauti yangu.

Siku zilizobaki walikaa pamoja. Maumivu yalipozidi, pumzi ya dada ilikuwa fupi kama ya mtu aliyekimbia, naye akamfundisha mama kukaa kando yake juu ya kile kitandiko, kuvuta pumzi ndefu na kuiachia taratibu, ili yeye mgonjwa amfuate, na hivyo mwanafunzi wake wa mwisho akawa ndiye mwalimu wake. Jumapili tarehe 2 Februari 2025, asubuhi, watu wengi wakiwa misa ya kwanza, walikuwa wameshikana mikono wakifanya hivyo. Mama anasema ilifika wakati akasikia anavuta peke yake, akaendelea kwa muda, kwa sababu hakutaka yeye ndiye awe wa kuacha.

Hakupiga yowe. Alikichukua kitandiko cha mistari ya kijani, akakitandika hapo nje mbele ya mlango, akakaa. Felisita akitoka kanisani alimwona, akaelewa, akaenda kwake akarudi na kitandiko chake, akakitandika kando, kisha Nasrin, kisha wengine, na ndivyo mtaa ulivyojua. Hivyo vitandiko mnavyovikalia leo, akina mama, si vya kikundi, ni vya uani kwa Mwalimu.

Marehemu atazikwa leo Jumanne kando ya mume wake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, ambao hawakumficha kitu wala hawakumkatisha tamaa, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake na kumletea madaftari ya watoto asahihishe pale alipoweza, vijana wa bodaboda wa hapa Somanda waliompeleka kliniki na kumrudisha mwendo wa pole, majirani, jumuiya, ndugu zetu wa msikitini walioleta turubai, na kikundi, ambacho kilimsamehe mikeka.

Sasa neno moja, halimo katika niliyoandika. Tangu Jumapili mama hajatoa sauti ya kilio. Mmekuwa mkimwambia alie asije akapasuka moyo, naye anatikisa kichwa, na sasa mnajua kwa nini. Mayu, mimi mwanao nasema mbele ya watu wote hawa, msiba upo, ni wetu, na sauti yako haimwiti mtu. Lia, mama yangu. Tutakaa chini pamoja nawe, na ukimaliza tutakugeuza ubavu kwanza, tusubiri, ndipo tukuinue.

Dada Mektilda, Mwalimu, kazi ya kuvuta pumzi tumeipokea sisi, wewe pumzika kwa amani.