Takbira ya Tatu

Assalamu alaykum nyote mliokaa kwenye mikeka, na nyinyi majirani zetu Wakristo mlio kule nyuma kwenye benchi, Murungu awabariki. Nimeombwa niongee kwa ufupi kabla ya swala ya adhuhuri. Mke wangu yuko upande wa akina mama na ameshanionya, kwa hivyo nitajaribu.

Mimi ni mkulima wa miraa, kule Kangeta. Si mtu mpole. Wanaonijua wameanza kucheka. Haya, chekeni. Lakini ndugu zangu, nawaambia, chuki ilitaka kunimaliza, na ninataka mjue nilitokaje.

Baba yetu alitugawia shamba, mimi na kaka yangu mkubwa. Jina lake silitaji. Upande wangu ikaangukia mbaine, ile miraa ya zamani iliyopandwa na babu zetu. Kwetu Igembe mbaine haikatwi, hata na mwenye shamba. Kaka akaona ameonewa. Asubuhi moja nimetoka kuswali, nakuta miti yote imelala chini. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Alisema mwenyewe sokoni mbele ya watu: "Nimeikata mimi. Nendeni mkamwambie."

Nililia. Mzee mzima, nimekaa juu ya kisiki nalia. Ile miti ndiyo ilisomesha watoto wangu.

Wazee wa ukoo wakaja. "Leta nthenge," wakasema. Kwa wageni, nthenge ni beberu wa kiapo: analaaniwa, na laana inamfuata aliyekosa mpaka afe. Nikawajibu, "Mimi ni Mwislamu, beberu wa nini? Mimi nina dua." Na kweli nikaanza. Kila baada ya swala nainua mikono namwombea kaka yangu maangamizi, kwa jina lake na jina la mama yake, nisije nikakosea anwani. Mama yake ndiye mama yangu, lakini hilo sikulifikiria.

Sasa sikilizeni. Aliyeanza kukonda si yeye, ni mimi. Chakula hakipiti. Watoto wakisikia viatu vyangu mlangoni wananyamaza. Sheikh wetu akaja nyumbani, akakataa hata chai.

"Mzee, unamwombea nini ndugu yako?"

"Anachostahili."

"Unayo haki ya kumshtaki kwa Mwenyezi Mungu, siwezi kukunyima. Lakini jaribu jambo moja. Mwombee msamaha akiwa hayupo. Ukimwombea mwenzako hivyo, malaika anaitikia amin, anasema na wewe upate kama huo."

"Na kama simaanishi?"

"Anza na ulimi. Moyo utafuata nyuma, kama ng'ombe asiyetaka kuvuka mto."

Nikaanza, na nilianza kwa tamaa, nisiwadanganye. Dhambi zangu ni nyingi, nikaona hii biashara ya malaika inanifaa. Namtaja kaka huku nimeuma meno. Mke wangu akaniuliza, "Baba, unaomba au unatukana?" Moyo haukuja. Nikaendelea kwa ukaidi tu, maana ukaidi ninao. Polepole nikaanza kula. Visiki vikachipua. Lakini tukikutana njiani, yeye anapita kule na mimi napita huku.

Kisha akashikwa na kifua. Kabla sijajua kama ni ugonjwa mkubwa, jirani yangu, yule pale kwenye benchi, akaja mbio shambani.

"Kaka yako ametutoka," akasema. "Wasichana wake wanakungoja wewe."

Kaka hakuwa na mtoto wa kiume, na baba yetu alikuwa amefariki. Kwetu Waislamu, mwenye haki ya kuongoza swala ya maiti ni jamaa yake wa karibu wa kiume. Yaani mimi.

Jeneza likawekwa mbele. Sheikh akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna mwenye dai kwa marehemu?" Uwanja mzima ukanigeukia, hata Wakristo waliosimama kando ya ua. Nikasema, "Mwenye dai ni mimi. Miti nimeiacha. Wasichana wake wasiulizwe chochote." Nikasikia watu wakishusha pumzi.

Ndugu zangu, hapo palikuwa rahisi. Mbele ya watu kila mtu ni muungwana.

Nikasimama kuongoza. Kwa majirani zetu, swala ya maiti ina takbira nne, yaani Allahu Akbar mara nne. Takbira ya kwanza, Alhamdu. Ya pili, nikamswalia Mtume. Ya tatu ndipo unamwombea maiti msamaha, na unaomba kimya. Hakuna anayekusikia. Ningeweza kunyamaza, nitoe takbira ya nne, nitoe salamu, nisifiwe mpaka leo. Nikafungua mdomo. Maneno niliyoyajua tangu madrasa yakakataa. Hasira yote ikarudi, mbichi kabisa. Nikajiambia: hutoki hapa. Takbira ya nne hutaitoa mpaka useme, na useme kweli. Nyuma yangu watu wakakohoa, wakidhani nimesahau. Waache wakohoe. Mle ndani ya jeneza alikuwa amelala aliyenifundisha kupanda juu ya miraa, akiwa chini ameinua mikono, kama nitaanguka anidake.

Dua ikatoka kwa Kimeru kwanza: Mungu, msamehe kaka yangu. Masheikh, kama nilikosea lugha mtanisahihisha. Kisha Kiarabu kikaja chenyewe, Allahumma ghfir lahu warhamhu, na machozi. Nilimtaka asamehewe. Nilimtaka Peponi, yeye na mapanga yake. Ndipo nikatoa ya nne.

Namshukuru sheikh aliyekataa chai yangu. Namshukuru mke wangu aliyenivumilia. Jirani yangu, wewe na vijana wako mlichimba lile kaburi wala hamkuuliza ni la dini gani; ahsante sana. Na wale wasichana, ambao siku hizi wananiita baba, Mungu awatunze.

Nina neno moja. Usingoje moyo wako ulainike ndipo umwombee aliyekukosea. Mwombee na ugumu wako hivyo hivyo, na mwombee angali hai, umsalimie pia, maana mimi salamu yangu ilichelewa. Adhuhuri imekaribia. Najua kila mmoja wenu ana jina la mtu ambalo halitaki kutoka mdomoni. Ingieni nalo kwenye safu.