Kata ya Mbege ya Mama Hilda

Kijiwe chetu kiko Soweto, Moshi, nje ya duka la Redio, pale muuza kahawa anapotua birika lake kila jioni. Redio ndiye Melkior. Habari zote za mji humfikia yeye kwanza, na zikitoka kwake huwa zimeshanenepa. Bima ni mzee Damian, aliyewahi kufanya kazi ya bima na mpaka leo anadhamini kila anachosema. Jumatatu ile tulimsubiri mwenzetu wa kijiweni, Sylvanus, kwa hamu. Tulisikia kwamba kule Uru, kwenye posa ya Hilda, shemeji yake huyo Sylvanus, Mama Hilda, alipokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele za watu, akanywa, yaani posa kaikubali. Mwaka jana aliikataa, na wakwe wakabeba pombe yao wakaondoka. Uchumba wa binti ukabaki unaning'inia.

— Kanywa kweli? Redio aliuliza kabla Sylvanus hajakaa.

— Kanywa, mbe! Akashusha funda mbele ya wakwe. Vigelegele! Ndoa ipo.

— Si alikuwa amewasusia?

— Wapi! Alikuwa anaumwa. Mkojo unambana ghafla, hata kibofu hakijajaa, na akichelewa ndiyo basi. Akaacha kunywa chochote mbele za watu. Kwaya akaacha. Usiku kucha yuko njiani kwenda chooni, mpaka akateleza migombani akavunjika mkono.

— Haba na haba hujaza kibaba, Bima alisema kwa huzuni.

— Sasa kapewa vidonge hospitalini vya kukituliza hicho kibofu. Analala! Anaimba misa nzima! Ila mdomo unamkauka, na choo kinakuwa kigumu.

Kusema kweli nilifurahi sana. Mama yule akiimba, hata sisi wa benchi la nyuma tunakumbuka dhambi zetu.

— Mdomo lazima ukauke, Bima alieleza. Dawa inaanika. Kama kahawa kwenye chanja, inaanzia juu.

— Basi masika waimwage kwenye mfereji wa Uru, Redio akadakia, tusione tena mafuriko huku mjini!

— Kidonge kimoja kinakausha mpaka Kwa Sadala. Nadhamini.

Tulikuwa bado tunacheka Mama Hilda alipotokea, kikapu mkononi, anatoka sokoni.

— Shikamoo mama! Hongera! Karibu kahawa.

— Marahaba. Aika, asanteni wanangu. Kahawa daktari kasema nipunguze, inakichokoza kibofu. Nalima mimi, mnakunywa ninyi.

Tukacheka tena. Yeye alimgeukia Sylvanus.

— Shemeji, mwaka jana ni wewe uliyewaambia wakwe kwamba nimemkataa kijana wao.

— Ni mimi, Mama Hilda. Si uliikataa kata?

— Niliikataa. Mbona hukuniuliza nina nini?

Sylvanus aliinuka, akampisha mahali pa kukaa. Bima hakudhamini kitu. Redio alimnyooshea muuza kahawa kikombe, angalau apate la kufanya, lakini birika lilikuwa tupu.